Shemeji Hataki Nifute Jedwali Lake

Mpendwa Shangazi, nakuja kwako na furaha nyingi na aibu kidogo, nisaidie kabla furaha haijanivunjia nyumba. Mimi ni mzee wa kuandika programu, natunza kiini cha mfumo unaoendesha kompyuta, pale panapoamuliwa eneo gani la kumbukumbu lisomwe, liandikwe au litekelezwe, na miaka yote kila aina ya prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, imekuwa na jedwali lake la ruhusa hizo, mambo yale yale yamenakiliwa faili baada ya faili, sasa mtu aliyehama kwao na mfuko mmoja kama mimi akiona kitu kimoja kimewekwa mara kumi anawashwa mwili, basi nikaanza kufuta, nikaweka jedwali moja la wote, na utamu wake, Shangazi, nacheka peke yangu mpaka mke wangu akaniuliza, "Mzee, umepata mchumba?"

Limebaki faili la shemeji, mdogo wake mke wangu, tunayefanya naye kazi meza moja. Jedwali lake ni kama mengine isipokuwa mstari mmoja: ukiomba kuandika tu, unapewa na kusoma. Nikamwambia alikosea kunakili. Akasema, "Shemeji, prosesa ile haijui kuandika bila kusoma. Ukifuta, sili tena kwako." Sijafuta bado, lakini Jumapili, siku anayokula kwetu, hakuja, na mke wangu aliweka sahani yake mezani huku akiniangalia mimi. Nifute, nisifute?

Mzee wa Kufuta

Mzee wa Kufuta, hongera kwa ufagio, pole kwa pupa. Kanuni moja iandikwe mara moja, hapo niko nawe. Lakini mapacha hufanana na kila mmoja ana tumbo lake. Umemwita shemeji yako mzembe hata hujaiwasha mashine yenye prosesa ile? Mvi zote hizo na haraka hiyo, vimekutana wapi?

Iwasheni leo, mkiwa wawili, na jedwali lako jipya ndani. Ikigoma, la shemeji libaki kwenye faili lake, na juu ya ule mstari aandike sababu, maana kunyamaza kwake ndiko kulikokuponza. Ikikubali, alifute yeye kwa mkono wake. Mengine yaliyorudiwa fagia, ila hakuna kinachotoka mezani kwenu kabla yeye hajakisoma.

Kumwita chakula umpigie mwenyewe, usimtume dada yake. Na akija mpe sahani yake ile ile. Usije ukaiona imezidi.