Viti Viwili Ukumbini

Baba Nuru,

Sikuamkii. Nimekukasirikia, na mtu aliyekasirika haanzi na salamu. Ungekuwa hai ningekununia mpaka uje mwenyewe jikoni kunibembeleza. Lakini umejiondokea, na hasira zangu sina pa kuzipeleka.

Bado sijaamini. Eda nimeimaliza, watu wamenipa mkono wa pole wakaenda zao, na mimi bado niko kwenye alasiri ile ile. Ulirudi msikitini mzima wa afya, ukakaa, ukasema, "Mama Nuru, leo tia tangawizi nyingi." Nikaenda kumimina chai. Niliporudi umeegemea ukuta. Nikakwambia pokea, hukupokea. Nikakugombeza, nikasema chai inapoa na wewe umelala. Maskini mimi, namgombeza nani? Mpaka leo nikisikia harufu ya tangawizi natoka jikoni.

Msimu wenu wa mazungumzo haukungoja. Si ulikuwa huna jingine la kuzungumza? Waandishi wa huku kwetu, kila Jumamosi baada ya alasiri, ukumbi wa maktaba, na mlangoni halipi mtu. Mimi wakati ule nimo edani sitoki, basi nikawa namtuma mdogo wangu Zuhura anisikilizie. Unamjua Zuhura. Siku ya kijana wa Kaloleni aliyeandika habari za wagema, alirudi akanieleza rangi ya shati lake. Siku ya yule bibi wa Takaungu, alirudi akiisifu halua. Nikamuuliza, na maneno je? "Maneno yalikuwa mazuri, dada." Nikacheka, na kicheko chenyewe kikanishtua, maana sikujua kama bado ninacho.

Halafu akaja Maalim Swaleh, rafiki yako anayeyaandaa mazungumzo hayo. Alikaa barazani, mimi nyuma ya pazia kama eda inavyotaka. Alitoa pole, akauliza hali ya Nuru, kisha akasema, "Bi Rukia, siku ya marehemu hatukuifuta. Tumeisogeza mpaka utoke eda. Na viti vyenu viwili viko pale pale."

Nikamuuliza, vyetu mimi na nani?

Akashangaa, "Kwani hakukwambia?"

Hukuniambia! Mtu gani wewe? Ndipo aliponisimulia maneno yako siku uliyokubali kuzungumza: kwamba wewe ni mwenye kalamu tu, mwenye hadithi yumo ndani anakaanga samaki, na peke yako huji. Nililishika pazia nikalivuta mpaka likang'oka upande mmoja. Maalim akadhani nimeanguka. Sikuanguka.

Miaka yote ile, Baba Nuru. Mimi napika, wewe umekalia kibao cha mbuzi kana kwamba unataka kukuna nazi, na nazi hukuni. "Rudia hapo. Bibi yako alisemaje?" Nikirudia, unaondoka na maneno yangu chumbani. Kitabu kikitoka kina jina lako peke yako. Watu wanakuja kukusifu kuwa mzee ana hazina kifuani, nami napitisha kahawa kwenye upenyo wa mlango. Nilivisoma vitabu vyako vyote. Nilifurahi kumkuta bibi yangu wa Mambrui humo ndani, na niliumia pia. Sikukwambia hata siku moja. Kumbe ulijua.

Maalim alipokwenda zake ndipo nikakumbuka jambo jingine, na hilo ndilo lililonimaliza. Siku zako za mwisho ulinishika na hadithi moja tu, ile ya bibi yangu na ufunguo. Nyumba yake imekwisha kuanguka, umebaki mlango na kipande cha ukuta, lakini ufunguo hautoki kwenye pindo la leso yake, na kila akipita pale hupiga hodi kwanza. Ulisema, "Simama uhadithie, Mama Nuru." Nikasimama, mwiko mkononi. Ukaenda mwisho wa ua, kwenye tangi la maji. "Paza sauti, huku sisikii." Nikakwambia nenda kapimwe masikio. "Na kwenye hodi usiharakishe. Ngoja kidogo, watu wasikie kama kuna atakayeitika."

Watu gani? Tulikuwa wawili tu na paka! Nilidhani uzee unakuchezesha. Kumbe ulikuwa unanifunza. Ulikuwa unanipeleka mbele za watu bila ya kuniuliza, kwa kuwa ulijua ukiniuliza nitakataa. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo wako umenikuta peke yangu.

Na kweli nilikataa. Nilimpelekea Maalim habari kuwa siendi. Akajibu kwa upole kwamba uliyoichagulia siku hiyo ni hiyo hiyo ya ufunguo, basi watamtafuta mtu aisome kitabuni mwako. Nikamwita Nuru, nikamwambia nisomee, nisikie itakavyokuwa. Mwanao anasoma vizuri, mashaallah. Lakini alipofika kwenye hodi alipita mbio kama anayekimbia mvua. Nikamwambia siyo hivyo, hapo pana kungoja. Akarudia, akapita tena. Bibi yangu akawa hakupiga hodi hata kidogo, amepita tu njia kama mgeni. Nikaona hivyo ndivyo atakavyokuwa siku zote mimi nikinyamaza. Nikajikuta nimesimama, naihadithia mwenyewe.

Leo ni Jumamosi. Nimeivaa ile leso uliyoninunulia mwenyewe, ile niliyokwambia ina rangi za kelele. Nuru amekwisha kufungua mlango ananingoja, na Zuhura ameapa leo atasikiliza. Nimemwambia Maalim kiti chako kisiondolewe, na asikikalie mtu, hata aje mkubwa gani.

Kwaheri, mume wangu. Mungu akulaze pema. Nimekusamehe nusu, nusu ya pili tutaizungumza tukionana. Nakuahidi kwamba nikifika kwenye hodi nitangoja kidogo, kama ulivyotaka. Na nitapaza sauti, Baba Nuru, nitaipaza mpaka wapita njia wageuke. Usije ukaniambia huko hukusikia.

Wako,
Mama Nuru