Kadi Ulizozinyoa

Baba yangu,

Neema ameanza kutembea. Kopo lako la kadi nimelipandisha juu ya kabati, maana anavuta kila kitu.

Nilitaka kuziuza, Baba. Usinikasirikie. Maziwa na nepi havingoji, na kazi ya hotelini inanirudisha nyumbani sina hata sauti. Nikaambiwa siku hizi kadi za zamani zenye picha za wachezaji wa mpira haziuzwi mezani, zinapigwa mnada kwenye simu. Unaweka picha, watu usiowajua wanapandishiana dau, muda ukiisha kadi ni ya mtu ambaye hutamwona uso. Ile meza yenu ya Jumapili ya kubadilishana kadi, pale Sydenham, imebaki na wazee wawili na flaski ya chai.

Nikaweka picha ya yule kipa mwenye kofia, uliyempenda kuliko wote. Dau likapanda, likapanda, mpaka nikajikuta nakushukuru kwa sauti jikoni. Kisha mtu mmoja akaandika: "Kingo zimekatwa. Mwenye kadi hii ni tapeli." Wote wakajitoa.

Tapeli. Wewe.

Mkasi ule naujua mimi. Ukishamnyoa mteja wa mwisho unaupangusa, unavaa miwani, unailaza kadi kiganjani kama kichwa cha mtoto, unaondoa vinyuzi vilivyochakaa pembeni. "Mtu hatoki kwangu bila kusawazishwa," ndivyo ulivyosema. Na mezani kwenu hakuna uliyemdanganya. Walikuletea zao uzinyoe, halafu wakakutania kwamba umemwacha beki bila masikio. Kumbe kwa watu wa mnada, kadi iliyoguswa na mkasi imekufa.

Jumapili nikaenda Sydenham, Neema mgongoni. Papa Kalume, yule rafiki yako Mkongo, akaishika kadi, akapitisha kidole gumba ukingoni polepole. Halafu akasema, "Hii iko kazi ya kinyozi wetu."

Alitaka kunipa kadi zake tatu, tubadilishane. Nikakataa. Nikamwomba anisimulie tu ulivyoipata. Akasimulia mpaka chai ikapoa, na mimi nikalia mbele za watu, mimi nisiyelia.

Niliporudi nikamjibu yule wa mnadani kwa maneno mawili tu: Alikuwa kinyozi. Nikaitoa picha.

Sasa sikiliza. Zile ambazo mkasi haukuzigusa nitaziuza, huko huko kwenye simu, mtoto ale. Kwa hilo sikuombi ruhusa. Ulizozinyoa hazitoki humu ndani. Neema akikua nitamfundisha kupitisha kidole ukingoni, aujue mkono wa babu yake.

Nywele zake zimerefuka, zinamwingia machoni. Kila nikiziona najiambia, ngoja Baba atazipunguza. Nasahau, Baba. Mpaka leo nasahau.

Jumamosi nitazikata mwenyewe, kwa mkasi wako. Hatatoka kwangu bila kusawazishwa.

Pumzika sasa.

Binti yako