Sahihi ya Bwana Yake

Kalemie, Jumanne

Yule mujomba wa mama niliyemupasua hakuja kunishukuru. Ametoka Moba kwa boti, ameniletea samaki wakavu, anatabasamu, halafu ananiita raia, kwa heshima, anauliza: "Sitwayeni Dokta, nani alikuruhusu kutoa kizazi cha mupwa wangu?"

Nikamuonyesha karatasi ya ruhusa, yenye sahihi ya bwana ya mupwa wake. Akacheka. "Bwana ni mugeni kwetu, Papa. Mutoto wa dada yangu, njo mimi ninamusemea. Uniandikie basi ile uliyofanya, upige na kashe, ule muhuri wa hospitali."

Kashe ya kupeleka wapi? Nani amemutuma? Nilikataa. Samaki wake sijawagusa.

Alipotoka nikafungua faili. Damu iliyokataa kusimama, saa, dawa, vyote niliandika.

Ila mama yule, mugonjwa mwenyewe, kabla ya kumupasua alikuwa macho, anaongea. Sikuandika kwamba nilimuuliza yeye, kwa sababu sikumuuliza.