Chupa ya Lita Mbili

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Nasikia hatimaye umeweka mto kwenye kiti cha cherehani. Nimefurahi, maana Mama alianza kukuomba hivyo kabla sijajua kusoma. Naye nisalimie sana, na mdogo wangu umwambie aache kuvaa viatu vyangu. Mimi ni mzima na silali njaa.

Barua yako niliipata Jumatatu. Mistari minne tu: nifungashe, nirudi Jumamosi, Mama anipeleke kupimwa mimba, na majibu yakiwa mabaya nimtaje mwenye mzigo. Niliisoma nimesimama kwenye korido ya bweni, kisha nikakaa chini palepale. Najua habari umeletewa na binamu, kwa kuwa tunasoma naye darasa moja. Binamu hana nia mbaya, ila ulimi wake hauna kitasa. Amekupa nusu. Acha nikupe nzima.

Hapa chuoni tunasoma jinsi mwili unavyokitumia chakula. Ukila maharage au nyama, mwili hujenga unachojenga kwa ile protini, na mabaki hutoka kwenye mkojo. Wiki tatu zilizopita tuliambiwa tujipime wenyewe. Kila mmoja aliandika alichokula siku nzima, akapewa chupa ya lita mbili akusanye mkojo wake wote wa saa ishirini na nne, lisipotee hata tone. Wavulana walitembea na chupa zao kama wamebeba kombe la mpira. Yangu niliiviringisha ndani ya sweta, sweta ndani ya mfuko, mfuko ndani ya begi.

Mhadhiri wetu, mama mmoja mkavu asiyejua kucheka, alisoma majibu mbele ya wote. Alipofika kwangu akavua miwani. Akasema kwa hesabu hizi mwili wangu umebakiza karibu protini yote niliyokula, na mwili wa namna hiyo ni wa mtoto anayekua, au mgonjwa anayepona, au mwanamke mwenye mimba. Akauliza mimi ni yupi. Mmoja wa nyuma akanijibia kwamba mtoto hapana, na ugonjwa hauonekani. Darasa zima likashika mbavu. Tangu siku hiyo naitwa Mama Kijacho, na kwenye foleni ya chakula wananipisha nitangulie, eti tuko wawili. Nami, ambaye wewe mwenyewe uliniita Kimya tangu utotoni, nilinyamaza. Kunyamaza huko ndiko binamu alikokugeuzia kuwa ushahidi.

Sitarudi Jumamosi, Baba. Na sitapimwa. Siogopi majibu. Ila nikipimwa leo ili niaminike, nitapimwa kila mtu atakapofungua mdomo. Nimekaa nyumbani mwako miaka kumi na minane. Kama hiyo haikutosha kunijua, kikaratasi cha zahanati hakitatosha. Usinione nimeota pembe. Haya nayaandika kwa wino, na sifuti neno.

Kosa ninalo, tena silifichi. Bweni letu lina vyoo viwili, na kila saa kuna foleni mlangoni. Niliona haya kutoka mle na chupa mkononi wenzangu wakinitazama. Asubuhi nikamwaga, nikajiambia mara moja haidhuru. Mchana nikamwaga tena. Jioni chupa ilikuwa na robo tu, nami nikajaza fomu kwamba nimekusanya yote, nikatia sahihi. Mwili wangu haukubakiza kitu. Kilichokosekana kilikwenda chooni.

Nilidanganya, Baba. Huo ndio uchafu wangu wote. Jana nilisimama darasani nikayasema hayo mbele ya watu sitini. Hakuna aliyecheka, hata binamu. Mhadhiri akanipa sifuri, kisha akanipa chupa nyingine. Sifuri ni yangu, nimeipokea. Mimba si yangu, siipokei.

Mabasi ya kuja huku yapo kila siku. Ukiniwia radhi, njoo unijulie hali, nitakupeleka hadi maabara uone tunachofanya. Lakini ukija kunikagua, nitakuamkia kwa heshima zote, nitakukaribisha kiti, kisha nitaingia darasani.

Wote nyumbani nawasalimu. Mungu akulinde na mgongo wako.

Ni mimi, binti yako wa kwanza.