Mzee wa Bafuni Kwangu

Shangazi mpendwa, shikamoo. Kwa masikitiko makubwa nawatangazia wasomaji wako kuwasili kwa mkunjo mpya chini ya jicho langu la kushoto, uliogunduliwa asubuhi nikipiga mswaki. Habari ziwafikie jamaa wa shingo, ndugu wote wa paji la uso na marafiki wa kidevu popote walipo. Mipango ya mazishi ya ujana wangu inaendelea nyumbani.

Sasa naomba msaada, maana utani umefika mwisho. Mimi ni fundi vioo, mtu wa makamo, kitambi cha wastani, kazi yangu ni kukata vioo na kuvifunga kwenye makabati na kuta za watu, hivyo karakana yangu imejaa vioo vilivyoegemezwa kila upande, mchana mawingu yanapita ndani yake polepole kama yamepanga chumba, ndege anaingia kioo hiki anatokea kile, na mimi nikiinua kichwa najiona niko wengi, wote tumeshika kikata kioo, wote tunawaza, na sijawahi kugombana na hata mmoja wao. Anayenitesa ni yule wa bafuni kwangu. Tulipohamia nyumba mpya nilifunga kioo kikubwa chembamba juu ya sinki, nikakaza skrubu kwa nguvu zangu zote kisitikisike, na tangu hapo kila asubuhi natazamwa na mzee mmoja mashavu yamemshuka kama mapazia, macho yamechoka, na kinachoniuma zaidi ni kwamba ananionea huruma.

Basi nikaanza matibabu. Nikaacha chakula cha jioni, nikawa nakunywa maji ya tango, asubuhi najipaka ndimu usoni halafu nashinda juani nikibeba vioo, uso ukawa unawasha, ukatoa mabaka, kichwa kikawa chepesi hata nikisimama wima naona sakafu inapumua. Seremala, jirani yangu wa karakana, akanibatiza Bwana Tango. "Bwana Tango, leo umebakiza maganda?" ananiuliza mbele ya wateja. Hilo nalivumilia.

Lisilovumilika ni la mke wangu. Yeye ni mshonaji, anarudi nyumbani mgongo unamuuma na bado anapika, na maharage yake yana harufu ya kukutoa usingizini ukasahau ulikuwa unaota nini. Jioni moja alinipakulia, nikaisukuma sahani, nikasema, "Mama watoto, chakula hiki kinanizeesha." Nilimaanisha mafuta, Shangazi. Akaitazama sahani, kisha akanitazama mimi.

"Tumekula pamoja tangu una nywele," akasema. "Kama chakula changu kinakuzeesha, basi na mimi nakuzeesha."

Akaiondoa sahani yangu mezani na hajairudisha mpaka leo. Anakula mapema, peke yake, anaosha, anarudi kwenye cherehani yake, na nikimsemesha ananijibu kwa adabu kama anamjibu mteja. Watoto wameshajitegemea, nyumba nzima ni sisi wawili, na mezani nimebaki mimi na glasi yangu, naelea tu kama mtu aliyesahauliwa ndani ya ndoto ya mwenzake. Nifanye nini ngozi yangu irudi, na je, mke wangu atarudi mezani?

Fundi Aliyefifia

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, Fundi. Nimecheka, kisha nikakuonea huruma, kisha nikatamani kukuvuta sikio. Nianze na sikio.

Mtu anatoka kazini mgongo umepinda, anakupikia, nawe unamwambia maneno hayo? Kama ulimaanisha mafuta, ungesema mafuta. Tena ulichosema si kweli. Maharage, mboga za majani, samaki, matunda ya rangi mbalimbali, karanga za kujaza kiganja: hivyo ndivyo vitu mwili unavyovitumia kujitengeneza, ngozi ikiwemo. Mafuta tumieni kwa kiasi, sukari na chumvi punguzeni, lakini kuleni. Mtu wa umri wako akijinyima chakula ghafla, uso nao unaporomoka. Tango ni zuri, ila si mlo. Na ndimu usoni halafu juani, huko ni kujiunguza kwa hiari yako. Acha leo hii. Mabaka na kizunguzungu visipoisha, nenda kwa daktari, usiniandikie mimi.

Vaa kofia pana ukibeba vioo, maana wewe jua linakupiga kutoka juu, kisha linakupiga tena kutoka kwenye kioo. Paka mafuta ya kukinga jua. Kunywa maji, lala vya kutosha, sigara kama unavuta izime, na jioni tembea. Mtembee wawili. Haya yote hayatakurudishia sura ya ujana. Yatakufanya uzeeke taratibu, nguvu zako ukiwa nazo, na hiyo si zawadi ndogo.

Halafu kuna jambo linanisumbua. Karakanani una vioo chungu nzima na hujagombana na hata kimoja. Huyo mzee anaishi bafuni tu. Mke wako anaonekanaje kwenye kioo hicho? Mwombe msimame nyote wawili mbele ya kioo hicho. Kisha mwombe radhi, kwa maneno kamili, jioni hiyohiyo. Na sahani yako ukaitoe kabatini mwenyewe.

FUNDI AMEANDIKA TENA

Shangazi, nakueleza ilivyokuwa kweli, bila kuipaka ndimu. Nilimwita bafuni. Akaja na nyuzi zimemganda mikononi, akasimama kando yangu, na mle kiooni wakatutazama wazee wawili wenye nyuso ndefu, kama wamekaa kwenye foleni tangu utotoni.

"Kioo hiki kinavuta nyuso za watu," akasema. "Nilijua siku ileile uliyokifunga."

"Mbona hukusema?"

"Fundi ni wewe."

Nikachukua bisibisi. Ukuta ule umebonyea katikati, nami nilikikaza kioo chembamba mpaka kikajipinda kuufuata, kosa ambalo huwa nawacheka mafundi wenzangu wakilifanya. Nikalegeza skrubu, na nyuso zetu zikarudi polepole, kama watu wanaoibuka kutoka majini. Mashavu yakapanda. Mkunjo ukabaki palepale. Mke wangu akaugusa kwa kidole.

"Huu ni wako kweli," akasema. "Na si mpya. Unatokea ukicheka. Siku hizi nao umekaa tu bila kazi."

Maneno ya kuomba radhi nilikuwa nimeyaandaa karakanani, nimeyafanyia mazoezi mbele ya vioo vyote, mimi na wenzangu wote mle ndani tukaridhika nayo. Lakini nilipokaa mezani na sahani niliyojitolea kabatini, akanipakulia maharage, mvuke ukapanda, na kichwa kikabaki kitupu. Nilichosema ni, "Naomba chumvi."

Akalishika kopo la chumvi, akaliweka upande wake. "Inazeesha," akasema.

Akaanza kucheka yeye, nikafuata mimi, na hapo katikati ndipo niliposema samahani, mdomo umejaa, vibaya kabisa. Akasema amesikia. Kofia nimenunua. Chumvi hakunipa.