Nyuzi Zilizopakwa Dawa

Bi Kudra, shikamoo. Nimeisoma safu yako tangu nikiwa sekondari na siku zote nilijiambia kwamba mtu mwenye akili timamu humaliza mambo yake mwenyewe, lakini hili limenishinda, naomba unisaidie, na jina langu usilifiche, maana Kahama msichana wa Kihindi mwenye gitaa la umeme ni mmoja tu na hata ukilificha watanijua.

Ninaitwa Nazia, nina miaka ishirini na sita, nilimaliza chuo nikarudi nyumbani Nyahanga, na nina bendi ya roki ya watu watatu, mimi naimba na kupiga gitaa, Enock anapiga besi na Deusdedit anapiga drams. Tunaitwa Marudio, kama ule mchanga ambao wachimbaji wameshauosha wakatoa dhahabu yao, kisha anakuja mwingine anaurudia kwa sababu anaamini kuna iliyobaki. Hatuna meneja wala studio, nyimbo tumezirekodi wenyewe kwenye stoo ya magodoro ya baba yangu, maana godoro linameza mwangwi kuliko ukuta wowote, na tunawarushia madereva wa malori pale Isaka kwenye simu zao, wao ndio wanaozipeleka mbali. Redio zimetuambia zetu ni kelele. Mtu mmoja wa Mwanza aliyetaka kutusimamia alisema tuweke magitaa pembeni tuimbe mapenzi kwa kompyuta, nikakataa na wala sikutetemeka, Bi Kudra, kwa sababu muziki huu ndio kitu pekee ambacho nikikifanya sijiulizi mimi ni wa wapi.

Sasa mwezi uliopita, baada ya mavuno, tulialikwa Segese kwenye mashindano ya ngoma. Unajua yanavyokwenda, makundi mawili yanapiga kwa wakati mmoja, kila moja upande wake wa uwanja, watu wanakimbilia linalowavuta, na jua likizama mwenye watu wengi ndiye mshindi. Sisi tuliwekwa dhidi ya kundi linalocheza na chatu. Mwanzoni upande wetu walikuwepo mbuzi na mwenye jenereta tu, nikaona aibu mpaka masikio yakawaka, halafu nikaimba ule wimbo wetu wa mwanamke anayesubiri kwenye mdomo wa duara, lile shimo la wachimbaji lililomfukia mumewe, na watu wakaanza kuja, kwanza akina mama, kisha vijana wenye vumbi la mgodini miilini, mpaka jua linazama yule mwenye chatu amebaki na chatu wake. Bibi mmoja alinishika mkono akasema, "Wabeja, mayu," yaani asante, mama, "huo wa shimoni urudie," nikaurudia tena na tena, na sijawahi kuwa na furaha kama ile.

Ushindi ule ukatuletea mwaliko wa Isaka, Jumapili ya mwisho wa mwezi huu, na baada ya Isaka tumepanga Tinde, Shinyanga mjini, hadi Mwanza, ziara yetu ya kwanza tangu tuanze. Juzi kwenye mazoezi uzi mmoja wa gitaa ukakatika. Nikatoa seti mpya nibadilishe zote, maana za zamani zimeota kutu na zinalia kama bati, na Deus akaruka kutoka kwenye drams akanidaka mkono.

"Dada Nazia, usiziguse hizo nyuzi."

"Nisiziguse? Gitaa la nani hili?"

"Gitaa lako. Nyuzi ni zetu wote."

Ndipo wakaniambia. Asubuhi ya Segese walilichukua gitaa langu wakidai wanalipeleka kwa fundi aunganishe waya, kumbe walilipeleka kwa mganga, akazipaka nyuzi samba, ndiyo dawa ya kuvuta watu, na akaweka mwiko zisitolewe mpaka msimu wa ngoma uishe.

"Na huu uliokatika?" nikauliza.

"Tutaufunga fundo," Enock akasema.

"Fundo! Enock, hii ni kamba ya mbuzi?"

"Cheka tu. Kwani wewe ulidhani watu wa Segese walimwacha chatu wakafuata mashairi yako?"

Deus alimkata jicho, yeye si mtu wa kejeli, akaniambia kwa upole, "Dada, babu yangu alikuwa manju, ameongoza ngoma maisha yake yote. Hakuna anayeingia uwanjani mikono mitupu. Ukizitoa hizo nyuzi, mimi na Enock hatuji Isaka."

Tangu hapo sijaongea nao. Mimi ni Mwislamu na nyumbani kwetu mambo hayo hayatajwi hata kwa utani, ila nikisema ukweli kinachoniunguza siyo dini peke yake, ni kwamba sasa sijui watu wale walifuata nini, dawa, au kumshangaa Mhindi anayepiga kelele kwa Kiswahili, au wimbo, na kama siyo wimbo basi miaka yote hii nimekuwa nikiosha mchanga mtupu. Nikibadilisha nyuzi bendi inakufa. Nisipobadilisha, kila nitakapopigiwa makofi nitajiuliza ni ya nani. Isaka nitakwenda, hilo nimeshaamua na halina mjadala. Nisichojua ni kama niende nao na kutu yao, au niende peke yangu.

Nazia, Nyahanga, Kahama

BI KUDRA ANAJIBU

Marahaba, Nazia. Nitaanza na ukali.

Umezaliwa Kahama, umekulia Kahama, ukaalikwa kwenye uwanja wa ngoma ukakubali bila kumuuliza mtu hata mmoja uwanja ule huingiwaje? Ulidhani ni tamasha la chuoni. Deusdedit hakulelewa hivyo. Kwao anayeingia mashindanoni bila kinga ni sawa na anayeingia duara bila kamba, na alikuona wewe, dada yake, unakwenda hivyo hivyo huku unacheka. Akaogopa kwa niaba yako. Hilo ni pendo, hata kama limekuja na mafuta ya mganga.

Halafu unaniambia hujui watu walifuata nini. Wewe ni msomi, hebu fikiri. Yule mwenye chatu unadhani alikuja na maji ya chupa? Naye ana mganga wake, labda wawili. Dawa ilikuwepo pande zote mbili za uwanja, na watu wakachagua. Kukushangaa? Binadamu hushangaa wimbo mmoja tu, akitosheka anarudi kwa chatu, maana chatu naye anashangaza. Wako walikaa mpaka jua likazama. Yule bibi hakukuomba urudie Uhindi wako, alitaja wimbo. Na wale madereva wanaozisikiliza nyimbo zako kwenye simu, simu zao zilipakwa na nani? Sibishani na waganga gazetini, mwanangu. Nakuonyesha tu mambo uliyoyaandika kwa mkono wako na ukakataa kuyasoma.

Ila wenzako nao wamekukosea, na usikubali Enock akakuchanganya kuhusu kosa lenyewe. Mtu na imani yake sina neno naye. Kosa ni kulichukua gitaa lako kwa uongo wa fundi na kuliwekea mwiko ambao wewe hukuapa. Bendi isiyo na bosi inasimama kwa kitu kimoja, kuambiana. Mlimkataa mtu wa Mwanza aliyetaka kuwaamulia, halafu nyie kwa nyie mnaamuliana kwa siri? Na wewe umeongeza siri yako juu: badala ya kuwakabili umenuna, umeniandikia mimi. Mimi sipigi drams.

Kwa hiyo fanya hivi. Waite kesho mchana kwenye hiyo stoo ya magodoro. Usihubiri dini na usihubiri sayansi. Mshukuru Deus kwa kukuogopea, na ushukuru kweli, asikuone unaigiza. Kisha waambie wote wawili kwamba walikudanganya na kwamba haitatokea tena. Halafu, mbele yao, toa nyuzi zote, weka mpya, na utumie muda wako, usifanye kama mwizi. Deus akitaka hirizi mkononi, avae, mkono ni wake. Akitaka fimbo zake za drams azipeleke kwa mganga yeyote amtakaye, azipeleke. Gitaa, hapana. Na Enock mwambie neno lake lilikuumiza, kwa sababu wanaume wa namna yake huwa hawajui mpaka waambiwe.

Wakisema hawaji, usibembeleze na usitukane. Waambie gari linaondoka saa ngapi na litapitia wapi, basi.

Na Jumapili panda jukwaani. Mimi nadhani Deus atakuja, maana sijaona mpiga drams anayeweza kukaa nyumbani wakati wimbo wake unapigwa bila yeye. Asipokuja, ukifika pale penye drams, piga mguu chini uendelee kuimba.