Manung'uniko ya Bosi

Chumba cha nyuma,
Nyumbani.
Jumamosi, 9 Mei.

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Kabla sijakuuliza mgongo unaendeleaje, acha nilitoe jambo ambalo hakuna mtu anayelijua: karatasi ya hospitali niliitafsiri vibaya, na sasa naogopa.

Wengine hapa tu wazima. Bibi anakohoa na kugomba kama kawaida. Nisiyeuamini uzima wake ni Bosi, mdogo wangu wa siku tisa.

Siku ya kutoka wodini mama alinipa ile karatasi. "Haya msomi, tusomee." Kulikuwa na neno la Kiingereza, "murmur", ambalo darasani tulifundishwa kuwa ni manung'uniko. Mbele yake herufi tatu nisizozijua, nikaona aibu kusema sijui. Nikasema, "Wanasema mtoto ananung'unika. Arudishwe keshokutwa."

Bibi alicheka mpaka akashika mbavu. "Nani kwenye ukoo huu hanung'uniki? Basi tukapange foleni sote!" Hatukurudi.

Jana nimefungua kamusi ya sayansi shuleni. Neno lilelile, likisemwa juu ya moyo, ni sauti ya damu inayopita pasipostahili.

Tangu hapo namshuku kila mtu. Midomo ya Bosi ni ya buluu. Bibi anasema ni rangi ya pazia. Nikamtoa mlangoni kwenye mwanga: hata ulimi ni wa buluu, kama aliyenyonya kalamu ya wino. Akinyonya anaacha, anahema, anajaribu tena. Na mbona wageni wakija mama anamfunika hadi puani? Mbona humchungulia mdomo akidhani sioni? Nahisi anajua. Ananificha, nami namficha.

Wewe ni mkunga. Nimesoma kuna kibanio cha kupima oksijeni, hubanwa mkononi na mguuni. Kweli hakiumizi? Na mama nimwanzie wapi? Kwenye simu sauti hunikauka, ndiyo maana naandika.

Nisalimie Baba Mdogo Kipara na yule mwanenu Mbishi. Mungu ailinde mikono yako inayopokea watoto wa watu.

Nasikia kandambili za mama zinakuja huku. Nilishafunika ukurasa kwa daftari, nimeliondoa. Barua huchukua siku nne kukufikia, na Bosi simwoni kama ana siku nne za kusubiri posta. Acha aisome yeye kwanza.

Mwanao akupendaye,
Mfasiri Mbovu